Mwalimu Shadhli Darghuth na Kofia Isiyo na Mgeni

Jamaa, majirani na wanafunzi wa zamani mliokusanyika leo, Jumapili tarehe 23 Aprili 2023, kwa arobaini ya marehemu Mwalimu Shadhli bin Khamais Darghuth: haya ndiyo maisha yake kama yalivyoandikwa na mjane wake, Rafika, ambaye pia ndiye anayeyasoma. Shemeji yake, Si Hamadi, yaani Bwana Hamadi, mdogo wa marehemu, amemwomba aandike mema matupu, na aandike kwa ufupi. Hilo la ufupi amelijaribu.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Februari 1950 katika mtaa wa Halfawin, mji mkongwe wa Tunis, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Si Khamais Darghuth, fundi wa shashia, yaani kofia hizi nyekundu za sufu ambazo nusu ya wanaume mlioko hapa mmezivaa, na nusu nyingine mmezisahau nyumbani. Mnajua inavyotengenezwa. Kofia hufumwa kwanza nyeupe, kubwa ya kuingia vichwa viwili. Kisha hupelekwa kupigwa na kukandwa kwa maji moto na sabuni mpaka inywee, nyuzi zishikane, tundu la mfumo lisionekane tena. Ndipo husuguliwa kwa miiba, ikatiwa rangi, ikapewa umbo. Shadhli alikuwa na miaka sita alipomuuliza babake kama kofia iliyokwisha kunywea inaweza kufumuliwa ikarudi kuwa uzi. Si Khamais akamtupia kofia mbovu na kumwambia, "Jaribu." Mtoto akashinda kibarazani kutwa nzima akiivuta kwa kucha na meno. Haikufumuka. Mama yake alikuwa akisema kwamba siku ile ndipo ubishi ulipomwingia, na haukupata tena pa kutokea.

Alisoma chuo cha Kurani cha mtaani, kisha shule ya Sadiki, na mwaka 1969 akaingia Chuo Kikuu cha Tunis kusoma falsafa. Si Khamais alitaraji mwanawe mkubwa arithi duka sokoni. Aliposikia habari hiyo aliuliza mbele ya wateja, "Hiyo falsafa inauzwa kwa dazeni au kwa mizani?" Duka likaenda kwa Hamadi, na Shadhli akapewa kofia moja na dua. Siku zile alikuwa mtu wa kufungua milango. Alisema mipaka imechorwa na watu waliokuwa na haraka, na kwamba mtu wa Tunis ana wajibu kwa mtu wa Peru hata kama hawatakutana maisha yao yote. Nyie mliomjua uzeeni mtashangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ujanani alitaka mipaka yote ivunjwe, uzeeni akataka komeo. Katikati ya mambo hayo mawili alikuwepo mke, na mke huyo alikuwa na kazi zake za kufanya.

Alianza kufundisha Oktoba 1974 katika mji wa Baja, kwenye mashamba ya ngano, na huko ndiko alikokutana na mwalimu mpya wa jiografia, ndiye huyu anayewasomea. Maneno ya kwanza ya Shadhli kwake hayakuwa salamu. Alimkuta ukumbini amebeba ramani ya dunia, akaishika ncha moja na kuuliza, "Mwalimu, mistari hii kaichora nani?"

"Kaichora mchapaji," akajibiwa. "Niachie, nina kipindi."

"Na wewe unawafundisha watoto kwamba ipo?"

"Ninawafundisha kwamba wakiivuka bila karatasi watakamatwa. Niachie ramani, bwana!"

Ramani ilichanika kidogo kwenye Bahari ya Pasifiki. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979, bwana harusi akiwa amevaa kofia ile aliyopewa na babake pamoja na dua, nayo ilikuwa mpya na ilimbana. Alitoka jasho mpaka kadhi akamuuliza kama amelazimishwa. Akajibu kwamba swali la uhuru wa kutaka ni gumu. Kadhi akasema, "Ndiyo au siyo, mwanangu, watu wana njaa." Akasema ndiyo, na kwa hilo mjane wake anamshukuru mpaka leo.

Mwaka 1981 walihamia Tunis, naye akafundisha falsafa kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho mpaka alipostaafu Juni 2010. Wengi wenu mlipita mikononi mwake na mnajua alivyokuwa akilifungua somo kwa kitu alichokiokota njiani. Msimu mmoja wa baridi, kwenye miaka ya tisini, aliingia darasani na koti la mtumba kutoka Ujerumani, ndani yake jina la mwenyewe wa kwanza limeshonwa. Akawaeleza kwa furaha kwamba hiyo ndiyo neema ya dunia iliyofunguka: mtu wa mbali kavua, mtu wa hapa kapata joto, na hakuna aliyelazimika kumpigia mwenzake magoti. Hapo akasimama Lutfi, ambaye leo ameketi mstari wa tatu. Baba yake alikuwa fundi cherehani.

"Mwalimu," akasema, "baba yangu alikuwa akishona makoti. Sasa anauza sigara moja moja pale kituoni. Yeye kapata nini katika neema hiyo?"

Marehemu alirudi nyumbani akalitundika koti na hakulivaa tena. Alikataa chakula, na haikuwa kawaida yake, maana kulikuwa na kuskusi ya kunde na pilipili, chakula alichokipenda. "Rafika," akasema, "mimi nimewasifia watoto joto la koti, na aliyelipia joto hilo alikuwa mzazi wa mmoja wao." Tangu siku hiyo akageuka. Na akigeuka Shadhli Darghuth, jamani, hageuki nusu.

Mjane anaomba aeleweke. Hakuwahi kudai kwamba dunia hii iliyoshikana ni neema tupu. Alifundisha jiografia miaka thelathini na moja. Aliona kampuni za kigeni zikija kushona jinzi huku pwani na kuwaajiri wasichana elfu elfu, kisha zikasikia kuna nchi yenye mishahara midogo zaidi, zikafunga mashine zikaondoka bila hata kuzima taa. Binamu yake mwenyewe aliachwa hivyo, na vidole vimekwisha kuharibika. Basi marehemu aliposema kwamba soko limempa mtu biskuti za aina mia na kumnyang'anya uwezo wa kuuliza kama ana njaa, mkewe alikubali. Aliposema mwacha mila ni mtumwa, alikubali pia, japo alimkumbusha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kilichomchosha ni kuishi na hoja hiyo jikoni. Kununua dawa ya meno ilikuwa kesi. Binti yao wa pekee, Amna, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1986, alipoomba suruali ya jinzi akiwa na miaka tisa, babake alimkalisha chini.

"Ni wewe unayeitaka, binti yangu, au ni anayeiuza ndiye anayetaka uitake?"

"Baba," mtoto akajibu, "ni magoti yangu ndiyo yanayoitaka. Sketi inaingiza baridi."

Alinunuliwa. Babake alikwenda mwenyewe dukani, akarudi na mbili, akasema ushindi wa hoja lazima ulipwe.

Alipostaafu mkewe alidhani atapumzika, maskini. Marehemu akaanzisha jambo lake la kofia isiyo na mgeni. Alitaka kuthibitisha kwamba kipo kitu kimoja, kimoja tu, ambacho ni chetu mwanzo mpaka mwisho, na kwa mwana wa fundi kitu hicho kingekuwa nini kama si shashia? Akaenda kwa Hamadi. Hamadi akamwambia sufu inatoka Australia, tangu enzi za baba yao. Marehemu akarudi nyumbani. Kesho yake akaenda tena kuuliza habari za rangi. Akaambiwa wekundu wa zamani ulitokana na mdudu wa Meksiko, na wa sasa ni wa kiwandani Ulaya. Na ufundi wenyewe? Uliletwa na wakimbizi kutoka Andalusi, waliotupwa huku na meli bila kitu.

"Miiba je?" akauliza. "Hii ya kusugulia?"

"Miiba ni yetu, kaka," Hamadi akamjibu. "Miiba haina taabu kabisa."

Mtu mwingine angeacha. Yeye alinunua sufu ya kondoo wetu wa mkia mnene, akamlipa mfumaji wa Ariana aifume, na mafundi wote wakimwambia sufu hiyo haikubali kunywea, ni ngumu, itagoma. Akasema watu wametishwa na mazoea. Kofia ikapigwa maji siku tatu. Ilitoka upande mmoja imenywea na upande mwingine imening'inia, na ilikuwa inawasha hata ukiitazama. Aliivaa Ijumaa nzima kwa inda tu, akajikuna msikitini mpaka imamu akamwona. Jioni mkewe akamwambia, "Si Shadhli, wewe mwenyewe jina lako Darghuth ni la Kituruki. Tukiwatoa wageni wote, wewe utabaki wapi?" Akasema hilo litahitaji utafiti.

Haya yangekuwa ya kuchekesha mpaka leo, na mjane angeyasoma akicheka, kama yasingeingia kwenye damu. Amna alisomea uhandisi wa maji, akapata nafasi Montreal, akaenda. Babake ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege, akamwambia elimu haina mipaka. Mnasikia hayo? Elimu haina mipaka. Mwaka 2019 Amna akapiga simu akasema amepata mchumba, mhandisi mwenzake, Sanusi Danjuma, mzaliwa wa Kano kule ng'ambo ya jangwa, Mwislamu, mtu wa watu, na kwamba wanataka kuja Tunis babake awe walii, amwozeshe. Marehemu aliomba wiki ya kufikiri. Alipojibu, alijibu kwa hotuba. Akasema ndoa si watu wawili, ni mahali. Kwamba watoto wao watazaliwa hawana nyumba ya babu ya kukimbilia. Kwamba dunia imewafanya watu kuwa bidhaa, wanachukuliwa huku, wanachanganywa kule, wanaishi pasipo kwao, kisha wanaambiwa huo ndio uhuru.

Mkewe alimngoja akate simu, akamuuliza waziwazi: "Angekuwa Mfaransa mwenye macho ya buluu, ungeyasema haya yote?"

Marehemu akairudisha simu mahali pake. Kisha akasema swali hilo limeundwa vibaya.

"Limeundwa vizuri kabisa. Wewe ndiye hutaki kulijibu."

Madhara aliyoyataja yalikuwa ya kweli, yote. Ndiyo maana yalimfaa kujifichia. Mtu akijificha nyuma ya uongo utamtoa. Akijificha nyuma ya ukweli utamtoaje? Amna na Sanusi walifunga ndoa huko huko Montreal tarehe 14 Septemba 2019, mama wa bibi harusi akitazama kwenye simu, baba yake akiwa chumba cha pili anasoma kitabu ambacho hakukigeuza ukurasa. Amna akamwambia mamake, "Mama, mimi sitaingia nyumba hiyo mpaka mume wangu akaribishwe kwenye mlango huo huo, na babangu mwenyewe. Ubishi nimeurithi kwake, mwambie." Akaambiwa. Akasema hoja ya binti ina mantiki, na asingemzuia kuishikilia. Hivyo ndivyo watu wawili wanaopendana walivyokaa bila kuonana, na mama katikati akipeleka salamu huku na huku kama karani wa posta.

Kwa upande wa afya, marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2016, akabadilishwa kilango kimoja. Daktari alimweleza kwamba kilango hicho kimetengenezwa kwa ngozi ya moyo wa ng'ombe wa Australia. Alipozinduka tu, hata maji hajanywa, akasema, "Rafika, kichwani kondoo wa Australia, moyoni ng'ombe wa Australia. Je, nikifufuliwa nitaitwa na watu wa wapi?" Mkewe alimwambia ashukuru Mungu kwanza, falsafa baadaye. Alishukuru. Mwaka 2020 dunia ilipojifunga yenyewe kwa maradhi yale, alifurahi wazi wazi, akasema sasa tutajua tunachohitaji kwa kweli. Baada ya wiki chache tulikijua. Vidonge vyake vya moyo viliadimika, na meli haiji. Hamadi alizunguka maduka ya dawa ya mji mzima, na mwishowe vilipatikana kwa mtu aliyetoka navyo Uturuki. Marehemu alivimeza bila kusema neno, na mkewe, kwa heshima, naye hakusema neno, ingawa lilikuwa mdomoni.

Novemba mwaka jana Sanusi alikwenda kwao Kano kumwona mamake. Alirudi na kitu, akakipitisha kwa msafiri mpaka kikafika hapa kwa mama mkwe wake: kofia ya marehemu babu yake, nyekundu, imefifia kidogo pembeni. Huyo mzee aliivaa kila Ijumaa maisha yake yote, wakamwita Mzee wa Tunis, na hakuwahi kufika Tunis. Mama mkwe akaiweka juu ya blanketi la mumewe mgonjwa, hakusema imetoka wapi. Marehemu akaipima kwa kiganja, akaipiga pumzi, akaigeuza ndani nje kutafuta muhuri wa fundi. Alipouona aliketi wima kitandani.

"Gharyani!" akapiga kelele. Akina Gharyani walikuwa na duka lililotazamana na la babake sokoni, nao hawakuwa wakiamkiana. "Kofia ya Gharyani! Hii imetoka wapi?"

"Kano. Ya babu wa Sanusi."

"Baba yangu alipeleka kofia Kano miaka thelathini! Shehena kwa shehena! Nimesomeshwa kwa kofia za Kano, nimekula, nimevaa, nimepelekwa chuo kikuu! Na mzee mzima huyo akaenda kununua ya Gharyani?"

"Si Shadhli," mkewe akasema, "hebu rudia hapo kati."

"Wapi?"

"Hapo pa kusomeshwa na nani."

Marehemu akamtazama mkewe. Kisha akageukia ukutani, na kofia ya Gharyani ameishika. Hakusema kitu mpaka kesho yake, na waliomjua wanaelewa uzito wa jambo hilo. Alipofungua mdomo alisema, "Kofia ikishanywea haifumuki. Nilijua nikiwa na miaka sita." Akaibonyeza kofia kwa kidole. "Mtu anaweza kulalamika jinsi ilivyopigwa. Anaweza kusema maji yalikuwa moto mno, na nani kaungua mikono, na lazima aulize, Rafika, lazima. Lakini hawezi kuishi maisha yake yote akivuta nyuzi kwa meno." Mkewe akamuuliza kama hayo ni maoni au ni uamuzi. Akasema ni maoni. Mkewe akatoka akaenda kuosha vyombo kwa kishindo.

Majira ya baridi yakapita hivyo, hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali. Februari akamwita Hamadi akazungumza naye faragha, mlango umefungwa. Na jioni ya tarehe 8 Machi, Amna alipopiga simu kuuliza hali, marehemu alinyoosha mkono kutoka kitandani.

"Nipe."

Mkewe akampa simu.

"Amna, mpe mumeo." Kule simu ikabadili mkono. Kisha sauti ya kijana ikatoa salamu kwa Kiarabu cha chuoni, kirefu, cha adabu. Marehemu akamkatiza. "Kichwa chako kina sentimita ngapi?"

"Samahani, baba?"

"Kichwa. Mzunguko. Juu ya masikio."

"Sijui, baba. Sina utepe hapa."

"Zungusha uzi, kisha uzi upime kwa rula. Wewe ni mhandisi au ni mpiga zumari?"

Zikasikika droo zikifunguliwa Montreal, na Amna akicheka na kulia kwa pamoja. "Hamsini na tisa, baba."

"Kikubwa. Vizuri. Basi njooni, wewe na mkeo. Mlango ni ule ule, hatukuubadilisha." Akarudisha simu, akamwambia mkewe, "Usinitazame hivyo. Nimeuliza kipimo tu."

Tiketi za mapema zilizopatikana zilikuwa za kufika Ijumaa tarehe 17. Marehemu aliagiza chumba cha Amna kipakwe chokaa, akabishana na fundi wa chokaa kuhusu maana ya weupe. Jumatano tarehe 15 Machi 2023, baada ya sala ya alfajiri, aliomba chai, akasema sukari haitoshi, na kabla haijaongezwa akafariki. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri katika makaburi ya Jallaz, kwa kuwa maiti hasubirishwi. Amna na Sanusi walifika Ijumaa, siku ya tatu, mlango ule ule, na aliyewakaribisha alikuwa mama peke yake. Wahenga walisema mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Huyu Idi haikumkuta. Miaka mitatu na nusu ya hoja, Shadhli, na ukapungukiwa siku mbili! Mjane amelia sana katika hizi siku arobaini, na nusu ya kilio hicho kilikuwa hasira, wala haoni haya kulisema mbele yenu, maana hata marehemu asingetaka lisitiriwe kwa mema matupu.

Bado jambo moja. Asubuhi ya leo, kabla hamjafika, Si Hamadi alikuja na kifurushi. Sanusi alikuwa uani anapanga viti. Ndani mlikuwa na shashia mpya, nyekundu kabisa, laini, bado inanuka rangi. Sufu yake ni ya Australia, mjane aliuliza.

"Shemeji," akasema Hamadi, "hii ndiyo aliyoniitia siku ile, mlango umefungwa; kipimo akaniletea baadaye. Alitaka iwe tayari kabla hawajaja, lakini kofia haiharakishwi. Nilimuuliza niitie alama gani, maana kila kofia ikienda kupigwa maji hushonewa uzi wa alama isije ikapotelea kwenye za watu. Nilidhani atataja jina. Akaniambia, 'Weka kwamba ni ya mwanangu.' Nikamwambia kaka, dawa zimekupanda kichwani, wewe huna mtoto wa kiume. Basi alivyonifokea! 'Hamadi,' akasema, 'nimekuagiza kofia, sikukuagiza hoja!'"

Mjane aliketi pale pale kwenye ngazi. Kwa miaka arobaini na mitatu ya ndoa, hakuwahi kumsikia mtu yule akikataa hoja.

Marehemu ameacha mjane, Rafika, ndugu, Hamadi, binti, Amna, na mwana, Sanusi, aliyeketi pale mbele anatoka jasho chini ya kofia inayombana. Kofia mpya ndivyo ilivyo. Asiivue.

Mwenyezi Mungu amsamehe, amlaze pema. Apumzike sasa Si Shadhli, na awaache malaika nao wapumzike.